Kufufua na Kugeuza Askari Wakongwe wa Kuchezea Bila Kuumiza Mfuko

Askari wa kuchezea aliyekatika bunduki, akabanduka rangi na kupoteza mguu ndiye wa kununua, kwa sababu hakuna mwingine anayemtaka. Anauzwa kwa bei ya kutupa, na wewe humwogopi: ukimharibu, hujapoteza kitu. Mwongozo huu ni wa mtu aliye Kisumu, Nakuru, Kakamega au Bungoma, asiye na duka la vifaa vya sanaa hii karibu naye wala pesa za kuagiza rangi kutoka Uingereza. Karibu kila kitu kiko hadiwea, kwa fundi wa kupiga magari rangi na jikoni kwenu.

Wengi huanza na rangi, na baada ya wiki mbili rangi yenyewe inatoka vipande vipande. Anza kwa kujua askari wako ameumbwa kwa kitu gani. Ukishajua hilo, gundi, rangi na hata namna ya kumwosha hazikusumbui tena.

Pa kuwapata

Kisumu, nenda Kibuye siku ya Jumapili, mapema kabla jua halijawaka. Tafuta wanaofungua mabelo ya vitu vya watoto. Wanasesere, magari yasiyo na magurudumu na vipande vya Lego humwagwa pamoja juu ya turubai, na askari hujificha chini kabisa kwa sababu ni wadogo. Bei hupatanwa kwa fungu, si kwa mmoja mmoja.

"Mama, hawa wa kijani, nikijaza mkono ni pesa ngapi?"

"Weka na wa kahawia, kastoma wangu, nikufanyie bei nzuri."

Weka na wa kahawia. Nakuru mambo ni yale yale kwenye mitumba, ila ukisikia mnada wa vyombo vya nyumba ya zamani, kachungulie lile boksi la vikorokoro ambalo halina mnunuzi. Askari wa chuma hupenda kukaa humo. Na kama kuna duka la vitu vya plastiki mtaani kwenu, nunua paketi moja ya askari wapya kutoka China, wale wa kijani kibichi. Hawana sura, lakini mikono, mikoba na bunduki zao ni spea nzuri.

Ukichagua, usikatae aliyevunjika. Kataa aliyetafunwa uso. Mkono unaungika, mguu unaungika, kofia inatengenezwa. Uso wa ukubwa wa punje ya mahindi haurudishwi kwa bei nafuu.

Kipimo cha beseni

Jaza beseni maji, tia tone la sabuni ya vyombo, uwatumbukize wote. Wasukume chini kwa kidole ili viputo vya hewa vitoke, kisha uwaachie.

Anayeelea ni wa polithini au ndugu yake polipropilini. Hawa ndio wengi: laini, wanapindika, ukucha unaacha alama. Ndio wasumbufu pia, kwa kuwa plastiki hii haipendi gundi wala rangi.

Anayezama lakini ni mwepesi mkononi, mgonge mezani. Akilia "tik" kavu, ni plastiki ngumu ya polistaireni, na una bahati, kwa maana gundi na rangi nyingi zinamshika. Asipolia, na akipindika taratibu kama mpira, ni PVC.

Anayezama kwa kishindo ni wa chuma. Mkwaruze kidogo juu ya karatasi nyeupe mahali palipobanduka rangi: akiacha mstari wa kijivu kama wa penseli, ana madini ya risasi. Mweke kando, tutamrudia, na unawe mikono kabla hujashika kitu kingine.

Kuosha na kutoa rangi ya zamani

Maji vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki uliochoka. Sugua ndani ya mikunjo ya nguo na chini ya kofia. Hata askari aliyetoka kwenye paketi leo aoshwe, kwa sababu kiwandani kalibu, yaani chombo cha kuumbia, hupakwa mafuta ili sanamu isinate, na mafuta hayo ndiyo huikataa rangi. Waanike kivulini. Jua kali ndilo linaloifanya polithini ya zamani ikauke na kukatika ukiigusa tu.

Kama kuna mtoto aliyempaka rangi nzito ikaziba kila kitu, nunua mafuta ya breki, yale ya DOT 3, kwenye duka la spea. Mimina kidogo kwenye mtungi wa glasi wenye kifuniko, mtumbukize askari, mwache hadi kesho yake, kisha msugue kwa mswaki na umwoshe kwa sabuni. Vaa glavu za duka la dawa. Ile mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukijifungia mikononi ilipigwa marufuku Agosti 2017. Mafuta hayo hula rangi ya gari na hata ya mlango, basi yaweke mbali. Usiyamwage mtaroni, yanatumika tena na tena. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha inafaa kwa chuma pekee. Askari wa plastiki ngumu akiionja, uso wake utayeyuka ukiwa unatazama.

Kunyoosha na kuunga

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo usiharakishe.

Bunduki iliyopinda hainyooshwi kwa nguvu. Chemsha maji, yatoe jikoni, mshike askari kwa koleo na utumbukize sehemu iliyopinda kwa nusu dakika hivi. Itoe, inyooshe kwa vidole, na papo hapo uitumbukize kwenye maji baridi huku bado umeishikilia. Baridi ndiyo inayoifunga katika umbo jipya. Ikijirudi baada ya siku kadhaa, rudia. Plastiki ina kumbukumbu ya ukaidi. Lakini askari mkongwe ambaye plastiki yake imeshakuwa kavu, ina weupe na nyufa nyembamba, usimpinde hata kidogo. Huyo mpake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, tabaka jembamba mara tatu au nne, imshikilie.

Kuunga mkono au mguu: supagluu peke yake kwa polithini ni kujidanganya. Itashika leo, na siku utakapompangusa vumbi mkono utabaki kwenye kitambaa. Unahitaji mfupa ndani. Chukua pini ya fundi cherehani, ishike kwa koleo, pasha ncha yake kwenye mshumaa, uichome katikati ya kile kigutu kwa kina cha milimita nne hivi. Ichomoe kabla haijapoa. Fanya hivyo karibu na dirisha, moshi wa plastiki si wa kuvutwa.

Shida ni kuyapata matundu mawili yatazamane. Dawa yake ni ndogo: tia tone la rangi mbichi kwenye mdomo wa tundu la kwanza, bandika kipande cha pili juu yake kama kinavyotakiwa kukaa, kisha kitoe. Rangi itakuwa imeacha nukta mahali hasa pa kuchoma. Kata kipande cha pini cha milimita saba, kwaruza pande zote mbili za plastiki kwa msasa, tia kidogo Araldite, ile gundi ya epoksi ya kuchanganya mirija miwili, unganisha, na umfunge kwa uzi mpaka asubuhi.

Ufa unaobaki kwenye kiungo unajazwa hivi: nyunyiza baking soda ndani ya ufa, dondosha tone dogo la supagluu juu yake. Inaganda saa hiyo hiyo ikawa ngumu kama jiwe, na unaweza kuipiga tupa ya kucha mara moja. Pengo likiwa kubwa, changanya Araldite na poda ya mtoto mpaka iwe kama unga wa chapati, uifinyange kwa kijiti cha meno kilicholowa maji. Mafundi wa jua kali wanaonyoosha mabodi ya magari wana fila pia, na ukiwaendea kwa adabu watakupa kijiko bila malipo, pamoja na dawa yake ya kugandisha. Ichanganye ukiwa tayari, kwa maana una dakika chache tu. Fila hiyo ni ya plastiki ngumu na chuma. Juu ya polithini inabanduka nzima.

Mtutu uliokatika, usihangaike kuuunga. Toa uzi mmoja wa shaba kwenye waya wa umeme, unyooshe kwa kuuviringisha kati ya vibao viwili, uchomeke kwa njia ile ile ya pini. Ukiugonga ncha kwa nyundo juu ya chuma, unabapa na kuwa singe.

Wale wa madini ya risasi

Kampuni ya William Britain ya London ilianza mwaka 1893 kutengeneza askari wenye uwazi ndani. Metali iliyoyeyuka ilimiminwa ndani ya kalibu, ikaachwa igande pembeni tu, kisha ya katikati ikamwagwa nje. Askari alitoka mwepesi na wa bei nafuu, na urefu wake wa milimita 54 ndio uliokuja kuwa kipimo cha wengine wengi hadi leo. Waingereza waliacha kuwatengeneza kwa madini ya risasi mwaka 1966.

Kwa hiyo, geuza chini ya kibao cha miguu au tumbo la farasi ukasome. Ukiona jina la Britains au maneno "Made in England", weka brashi chini. Wakusanyaji hulipia rangi ya kiwandani hata ikiwa imechakaa, na ukimpaka upya umempunguzia thamani. Mpanguse kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Ambaye hana jina, amebanduka kabisa na kichwa kimeng'oka, huyo ni wako. Kichwa cha askari wa namna hii hurudishwa kwa kijiti cha kiberiti. Kwa kuwa shingo ina uwazi, chonga kijiti kiingie kwa kubana pande zote mbili, tia Araldite, kimekwisha. Watoto wa zamani walifanya hivyo hivyo. Usijaribu kumchomelea kwa chuma cha fundi redio, madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu na ganda lake ni jembamba.

Usimpige msasa mkavu, vumbi lake ni sumu, na rangi ya zamani mara nyingi ina sumu hiyo hiyo. Tumia msasa wa maji, uulowanishe muda wote, fanya kazi juu ya gazeti na ulitupe. Usile wala kunywa chai mezani hapo. Na askari wa aina hii hapewi mtoto kuchezea, hata akishapakwa rangi.

Kugeuza: askari wa Keya

Kwenye belo utakutana na Wamarekani, Waingereza na Wajerumani. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki, hutampata, itabidi umtengeneze, na ndiyo raha ya kazi hii. Vikosi vya Keya vilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyoteremka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 na kufika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mapema Desemba. Waruhiu Itote, aliyekuja kuwa kiongozi wa Mau Mau na kuitwa Jenerali China, alipigana Burma. Walivaa kijani cha msituni na kofia pana, na walibeba panga.

Tafuta Mmarekani anayetembea, asiye na mizigo mingi, mwenye bunduki ya zamani yenye kitako cha mbao. Wenye bunduki aina ya M16 ni wa vita vya Vietnam. Ikiwa huna mwingine, kata kile kishikio cha juu na magazini, jaza kwa Araldite yenye poda, hakuna atakayekudai leseni.

Kofia ndiyo kila kitu. Kwa wembe mpya, punguza ukingo wa helmeti kidogo kidogo ukizunguka, mpaka kibaki kichwa cha duara chenye upana wa milimita sita hivi. Kata kuelekea mbali na kidole chako. Kisha chukua jalada la daftari, utoboe tundu kwa kile kitoboleo cha karatasi cha ofisini. Tundu lake lina upana huo huo. *Ukishatoboa*, ndipo ukate duara la milimita 12 kulizunguka tundu. Ukikata duara kwanza, kutoboa katikati yake ni mateso. Vika pete hiyo kichwani, pinda ukingo wa kushoto juu ikiwa unataka, na uloweshe kadi yote kwa supagluu. Karatasi inainywa na kuwa ngumu kama plastiki. Zungusha uzi wa cherehani pale kofia inapokutana na ukingo, uwe mkanda wake.

Panga: kata kipande cha mkebe wa soda, urefu milimita 15, kwa mkasi wa zamani. Ala yake ni kadi iliyokunjwa, ining'inizwe kiunoni. Blanketi la mgongoni ni tishu iliyolowekwa kwenye gundi ya mbao na maji, ikaviringishwa na kufungwa kwa uzi kabla haijakauka. Vifundoni, mzungushie uzi uliolala sambamba sambamba. Ukishapakwa rangi unaonekana kama kitambaa.

Ukichoka na Burma, rudi 1914 ukatengeneze mpagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnyang'anye askari kila silaha, mchonge viatu viwe nyayo, mtwishe mzigo kichwani. Nyuzi za gugumaji lililokaushwa, ambalo Kisumu halina mwenyewe, zinafunga mzigo huo vizuri kuliko uzi wa dukani. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa maradhi zaidi kuliko kwa risasi, na huwaoni sana kwenye rafu za watu.

Na askari anayefyatua bunduki kutoka kiunoni? Huyo tayari ni mpiga isikuti, ngoma ya Waluhya wa Kakamega. Kata bunduki, mbandike kwapani kipande cha kijiti kilichochongwa chembamba upande mmoja, mvishe uzi begani kama mkanda wa ngoma. Ngoma za Isukha na Idakho ni za ukubwa mbalimbali, kwa hiyo tengeneza watatu: kubwa, ya kati, ndogo. Ngozi yake kwa desturi ni ya kenge, basi ipake kijivu chenye vidoadoa, si nyeupe.

Rangi

Kwa wa plastiki ngumu na chuma, tabaka moja la praima, ile rangi ya kwanza ya kushikilia nyingine, linatosha. Kwa wa polithini kuna siri ya bure: bampa za magari mengi ni polipropilini, ndugu wa askari wako, na mafundi wa kupiga rangi wana praima maalumu ya bampa. Wagandishe askari wako kwenye ubao kwa nta ya mshumaa, umpelekee fundi siku anayopiga bampa, umwombe awapulizie praima hiyo mara moja. Ukimkosa, paka gundi ya mbao iliyozimuliwa tabaka mbili jembamba, zikauke vizuri. Juu yake tumia rangi ya akriliki tu, ile inayozimuliwa kwa maji, kwa kuwa inanyumbulika. Rangi ya mafuta juu ya plastiki laini itapasuka.

Nunua chupa tano: nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano, buluu. Njano na nyeusi hutoa kijani cha jeshi, jambo linalowashangaza wengi. Ongeza buluu kidogo upate kijani cha msitu wa Burma. Kijani hicho hicho kikitiwa nyeupe na chembe ya nyekundu kinageuka kaki. Pesa iliyobaki ielekeze kwenye brashi moja nzuri yenye ncha. Brashi mbovu haifai hata kwa rangi ya bei ghali. Nukta za macho na vifungo zitiwe kwa kijiti cha meno.

Ngozi: usipake nyeusi. Changanya nyekundu, njano na buluu kidogo mpaka upate kahawia, na kila askari umpe yake, maana kikosi kizima hakitoki tumbo moja. Ukitaka kung'arisha pua, mashavu na vifundo vya vidole, ongeza njano na nyekundu, kamwe si nyeupe. Ukitia nyeupe, askari anapauka kama mtu aliyeoga asubuhi ya Julai akasahau mafuta.

Vivuli ndivyo vinavyomwinua. Rangi ya kahawia izimue iwe majimaji, utie tone la sabuni ya vyombo, uipitishe nguo zote. Itatulia yenyewe ndani ya mikunjo. Ikikauka, rudisha rangi ya mwanzo kwenye sehemu zilizoinuka tu. Wengine hutumia polishi ya viatu ya kahawia, hupakwa na kupanguswa kwa kitambaa, na inafaa sana kwa mikanda na mbao za bunduki. Ila polishi ina nta, vanishi haishiki juu yake, hivyo iwe ya mwisho kabisa.

Vanishi iwe ya maji, isiyong'aa, tabaka moja. Kama unamrudishia askari wa chuma sura yake ya kiwandani, yeye alikuwa anang'aa. Nenda kwa mchoraji wa mabango ukiwa na vizibo vya soda, akudondoshee humo rangi ya mafuta iliyobaki kwenye mikebe yake.

Kibao cha miguuni kipake gundi ya mbao, ukinyunyizie murram iliyochekechwa kwa chujio la chai. Ile ya Kakamega ina wekundu wake, haihitaji rangi. Askari wa madini ya risasi usimhifadhi kwenye boksi la kadibodi wala kabati la mbao mbichi, kwa sababu mvuke wa asidi unaotoka humo humtia unga mweupe unaomla taratibu. Rafu ya glasi inamfaa. Na kaki iliyobaki usiimwage: iweke kwenye chupa ya dawa ya macho iliyooshwa, uandike juu yake ni ya nani, maana ncha ya bunduki na ukingo wa kofia ndizo zitabanduka kwanza, na kuchanganya rangi ile ile mara ya pili ni kazi.